Mwambie muuzaji azime soketi: habu za kununua kwa laptopu yenye tundu moja

Usiku wa kupamba, ile sherehe ya harusi ya wanawake peke yao, simu hukusanywa mlangoni. Anayezijua harusi za Mombasa anaijua sababu: ni wanawake watupu, mabuibui yamevuliwa, nywele ziko wazi, na hakuna anayetaka sura yake itembee kwenye simu za watu. Mpiga picha huwa mmoja, naye ni mwanamke. Hiyo ndiyo kazi yangu. Picha nikizipoteza mimi, hakuna shangazi wala shoga wa bibi harusi atakayesema anazo zake.

Mwaka huu nimezipoteza. Si zote, lakini za kutosha kunifanya nishindwe kumtazama mama mtu usoni. Zilipotea kwa sababu ya habu ya shilingi 1,800, kile kifaa cha kuzidisha matundu ya laptopu.

Laptopu yangu ni MacBook ya inchi 12, toleo la 2017, ex-UK, yaani mtumba wa Uingereza. Apple walianza kuiuza 2015 wakaiacha 2019, lakini hapa mjini bado inatafutwa kwa sababu haifiki kilo moja na inaingia kwenye mkoba wa kawaida. Shida yake inajulikana: ina tundu moja tu la USB-C, na hilo hilo ndilo la kuchajia. Upande wa pili kuna la kusikilizia, basi. Ukitaka kuchaji huku unasoma memori kadi na umechomeka diski ya nje, lazima habu ikae katikati, na kila ulicho nacho kipite kwenye kiwaya cha shubiri moja.

Nilikuwa nyumbani Tudor, saa tano usiku, nahamisha picha za harusi ya mchana. Kadi iko kwenye habu, diski iko kwenye habu, chaja iko kwenye habu. Stima ikapotea. Laptopu haikuzima, maana betri ipo. Skrini iling'aa gizani kama kawaida. Nilichoona ni ujumbe pembeni kwamba diski imechomolewa vibaya, na mimi mkono wangu haujaigusa. Kitaa chake cha buluu kilizimika, kikawaka tena. Baada ya dakika chache stima ikarudi, na diski ikakatika mara ya pili. Baada ya hapo haikufunguka.

Ndani ya diski hiyo mlikuwa na kupamba ya usiku wa jana yake, na kadi zake nilikuwa nimeshazifuta ili nizipigie harusi. Diski niliiwekea mfumo wa exFAT ili isomeke kwenye Mac na kwenye Windows. Uzito wa jambo hilo niliambiwa na fundi wa Mwembe Tayari baadaye: exFAT haiweki daftari la kazi inayoendelea, kwa hiyo ukiikatiza ikiandika haina pa kurejea kujirekebisha. Alihangaika nayo siku mbili. Kuna picha moja aliyoniokolea sitaisahau. Juu ni viganja vya bibi harusi, hina na piko, hata nyufa ndogo za hina iliyokauka kidoleni zinaonekana. Chini ya viwiko ni kijivu kitupu mpaka ukingoni, kama mtu aliyepaka rangi ukuta.

Kwa hiyo miongozo inayokuhesabia matundu siifuati tena. Matundu utayahesabu mwenyewe kwa macho. Rangi, uzito na kwamba inafanana na laptopu yako, hayo pia utayaona. Mimi nataka uulize kitu kimoja ambacho hakiandikwi kwenye boksi: stima ikikatika, diski yangu inabaki au inaondoka?

Hebu nieleze linavyotokea, kwa sababu muuzaji atakwambia ni laptopu yako mbovu. Chaja ikiwa imechomekwa kwenye habu, umeme unatoka ukutani, unaingia habu, habu inajikatia wake na wa diski, unaobaki inaupeleka kwenye laptopu. Laptopu hapo inapokea. Stima ikipotea mambo lazima yageuke: laptopu iliyokuwa inapokea sasa itoe, iilishe habu na diski kwa betri yake. Mgeuko huo unachukua muda mfupi tu, lakini diski ikikosa umeme kwa muda huo imeshazimika. Stima ikirudi, mgeuko ule ule unafanyika kinyume, na diski inaanguka tena. Wataalamu waliotunga kanuni za kuchaji kwa USB-C walilijua hili, na katika toleo la tatu la kanuni hizo wakaweka njia ya kubadilishana zamu haraka ili vifaa visizimike. Lakini si lazima habu iwe nayo, na laptopu nayo sharti iikubali. Sijaona duka hapa Mombasa ambalo muuzaji aliwahi kuisikia.

Mahali ambapo stima haikatiki, kasoro hii mtu anaweza kuishi nayo miaka asiijue. Sisi tunaijua kila wiki.

Jaribio lake ni jepesi na linafanyika dukani. Nenda na laptopu yako, chaja yako na flashi yenye faili kubwa. Chomeka vyote kwenye habu, anza kunakili, kisha mwambie muuzaji azime swichi ya soketi. Usichomoe waya, zima soketi, maana ndivyo stima inavyopotea. Tazama flashi. Ikiondoka kwenye skrini, rudisha habu kwenye boksi. Ikibaki, washa tena soketi na utazame mara ya pili, kwa sababu ziko zinazovumilia kuzimwa zikashindwa na kuwashwa.

Sasa, za kununua.

Ya kwanza kwangu ni Anker 341, ile ya matundu saba. Sifichi kwamba Anker naipenda. Ni kampuni ya Kichina iliyoanza 2011, ikaanzia kwenye betri za laptopu na chaja, na mpaka leo vitu vyake unaona vimetengenezwa na watu wanaoufikiria umeme kwanza. Habu hii ina tundu la memori kadi kubwa na la ndogo, mawili ya USB ya kawaida, moja la USB-C la data, HDMI ya kuunganisha skrini, na la chaja. Lakini kilichonishika ni ukweli wake: wanakwambia wazi kwamba ukiipa wati 100, laptopu itapata 85. Yaani habu inajiwekea 15. Wengine wanaandika 100 kwa herufi kubwa wakanyamaza.

Na hizo 15 si ndogo. Chaja iliyokuja na MacBook yangu ni ya wati 29. Toa 15, laptopu inabaki na 14, na hapo nikihariri picha betri inashuka huku chaja imechomekwa. Miezi mizima nilidhani betri imezeeka. Chukua chaja ya wati 65. Habu ijitolee chake, na laptopu itabaki na kama 50, zinazotosha na kuzidi.

Upungufu wa 341 ni HDMI. Kwenye skrini ya 4K inatoa hezi 30, yaani picha 30 kwa sekunde, na mausi utaiona inaburutika. Kwenye projekta ya ukumbini hakuna atakayegundua. Ila kumbi nyingi hapa, na madrasa, bado zina projekta za VGA, lile tundu la zamani, na HDMI kwenda VGA inataka kifaa kingine cha kugeuza; waya mtupu hausaidii.

Je, 341 itapita jaribio la soketi kwenye laptopu yako? Lifanye. Nusu ya kazi ile inafanywa na laptopu, kwa hiyo asikuapie mtu, hata mimi.

Ya pili, UGREEN. Mafundi wengi wa hapa wanaipendekeza kuliko Anker, na bei zao huwa chini kidogo. Wana aina nyingi mno, zinazofanana mpaka zinakuchanganya: moja hezi 30, jirani yake 60, moja ina kadi, nyingine haina. Soma boksi mstari kwa mstari kabla ya kutoa pesa. Kama kazi yako ni skrini kubwa mezani na si kadi za kamera, anza na UGREEN ya hezi 60, mradi laptopu yako nayo iikubali.

Ya tatu ni adapta ya Apple wenyewe, yenye HDMI, USB moja na la chaja. Imara, haina maneno. Lakini kwao Marekani ni dola 69, haina tundu la kadi, na USB ni moja tu. Mpiga picha atalazimika kununua kisoma kadi kando na bado akose pa kuchomeka diski. Kwa mwalimu au mhasibu inatosha.

Epuka mbili. Kwanza, zile zenye ndimi mbili za kuingia kwenye matundu mawili yaliyokaa pamoja. Hizo ni za MacBook nyingine, yako yenye tundu moja haziingii, na bado utauziwa. Pili, doki, yaani habu kubwa za mezani, za Thunderbolt 3, mfumo wa data wa kasi zaidi. Tundu lina umbo lile lile, lakini MacBook ya inchi 12 haina Thunderbolt, na nyingi ya doki hizo hazitaitambua kabisa. Nimemwona dada mmoja amelipia pesa za kodi ya nyumba akarudi nayo mkononi.

Za elfu moja mpaka elfu mbili? Ni za kibodi na mausi. Diski yenye kitu cha mtu usiiweke.

Na hiyo mausi yenyewe, kama haina waya, isogeze mbali na habu. USB 3 inapofanya kazi inatoa kelele za mawimbi ya redio kwenye masafa ya gigahezi 2.4, na Intel waliandika waraka mzima juu yake 2012. Ukichomeka diski ukaona mausi inaruka na Wi-Fi inazorota, ndiyo hiyo. Hamia Wi-Fi ya gigahezi 5.

Hata ukipata habu nzuri, kuna namna ya kuzidi ujanja stima, na ningeijua mapema ningekuwa na picha zangu. Kwenye tundu la chaja la habu, usichomeke chaja ya ukutani wakati unahamisha picha. Chomeka pawabenki ya USB-C inayotoa wati 30 na kuendelea. Stima ikatike, irudi, icheze itakavyo. Habu haina habari. Kama huna pawabenki, jaza betri ya laptopu kwanza, chomoa chaja, ndipo uhamishe. Diski ya SSD itakwenda vizuri kwa betri peke yake. Ile ya kuzunguka, ukiisikia inalia tik-tik-tik inataka umeme zaidi, simamisha, usilazimishe.

Linalonikera ni maduka. Habu iliyoniangusha niliirudisha siku ya nne, na boksi lake na risiti. Kijana akaniambia, "Dadangu, waranti ya vifaa ni testing ya hapa hapa. Ukishatoka mlangoni, imetoka." Nikamwuliza mbona sikuonyeshwa hiyo testing. Akaichomeka kwenye simu yake, taa ikawaka, akasema si hiyo inafanya kazi. Taa kuwaka ndiyo testing. Boksi limeandikwa wati 100, na ndani hakuna karatasi inayosema wati ngapi zinafika.

Na bei! Makontena yanashuka Kilindini hapa, tunayaona yakipakiwa kwenye SGR kwenda Nairobi. Halafu nikiulizia Anker Moi Avenue naambiwa itaagizwa Nairobi, ije na basi, na gharama ya kuileta iko juu yangu. Bei ya habu moja nimetajiwa maduka matatu, siku moja, barabara moja, na kati ya ya chini na ya juu tofauti ilikuwa zaidi ya shilingi elfu mbili. Ukihoji unajibiwa ushuru. VAT ni asilimia 16 kwa wote watatu.

Yangu nimeinunua kwa mzee mmoja wa kaunta ndogo, si duka la vioo. Nilipomwomba azime soketi hakuninunia. Alizima, tukatazama sote wawili, akawasha, tukatazama tena, kisha akasema tujaribu na diski, maana flashi ni nyepesi mno. Risiti hakuwa na ya mashine wakati ule. Akaandika kwa kalamu "wiki mbili, ikikata diski irudi," akatia sahihi. Nimeikunja, iko ndani ya boksi la habu.