Kabla ya Kubadili Pata ya Gofu, Usicheze Pata Potea

Fimbo ya kusukumia mpira shimoni, hapa Malindi sisi na makedi, wabeba fimbo wetu, tunaiita pata, basi. Jina lina mzaha wake, kwa sababu wengi wetu tunainunua kama mtu aliyesimama mbele ya meza ya pata potea: macho yanaifuata karata, mkono unatoa noti, na karata ikifunuliwa, siyo. Mimi nimefunuliwa mara tatu. Ya nne ndiyo ninayosukumia leo, na ndiyo iliyonigharimu kidogo kuliko zote.

Swali ni lile lile kila Jumamosi: nikiacha ya ubapa, yenye kichwa chembamba, nikachukua maleti, yenye kichwa kipana, nitasukuma vizuri? Utasukuma vizuri ikiwa kosa lako ni lile linalotibiwa na maleti. Shida ni kwamba wengi wanaouliza hawajui wanakosea wapi, wanajua tu kwamba wanakosa.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, jipime. Sukuma mipira 20 kutoka mita 2 na uandike kila uliokosa: kushoto, kulia, umefupika au umepitiliza. Kisha rudi nyuma hadi mita 10, sukuma mingine 10, uhesabu ni mingapi iliyotua karibu na shimo kiasi cha kuimalizia bila jasho. Kabla ya kuanza, ipake pata poda ya mtoto usoni ili uone mpira unagonga wapi. Ukiona alama zimekaa katikati lakini mipira inakwenda kushoto na kulia, uso wa pata unageuka mkononi mwako. Alama zikiwa zimetapakaa, nyingine kisiginoni, yaani upande ulioungana na mti wa fimbo, nyingine kidoleni, yaani ncha ya mbali, na mipira inafia njiani, basi unagonga pembeni. Hayo ni maradhi mawili tofauti, na dawa zake si moja.

Lile la kwanza ndilo baya zaidi. Mpira huanza safari yake kwa kiasi kikubwa kule uso ulikoelekea ulipougusa, kuliko kule mkono ulikopita. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108, yaani kutoka katikati hadi ukingoni ni sentimita 5.4. Ukisukuma kutoka mita 3 na uso umepinda digrii 1 tu, mpira utafika ukiwa umehama kama sentimita 5.2. Hapo unalamba ukingo, na kuingia ni bahati. Digrii 2, usijisumbue kuuangalia.

Sasa nipange nafasi. Napanga kwa mchezaji wa kawaida wa pwani hii, anayecheza kwenye grini, yale majani mafupi yanayozunguka shimo, zisizo na kasi kubwa, si kwa bingwa wa televisheni.

Nafasi ya kwanza naipa maleti ya wastani, ile yenye kichwa kipana kilichojaa nyuma. Siri yake iko kwenye uzito. Mfikirie mchota maji mwenye mzega begani, ndoo mbili ncha mbili za mti. Kumgeuza ghafla ni kazi, kwa sababu uzito uko mbali na mwili. Maleti imetengenezwa hivyo hivyo: uzito umesukumwa pembeni na nyuma, kwa hiyo ukigonga nje ya katikati kichwa hakijipindi sana na mpira haupotezi mwendo mwingi. Anayegonga pembeni ataona tofauti siku hiyo hiyo, hasa kwenye ile mipira ya mita 10. Isitoshe, kichwa kile kina nafasi ya kuchora mstari mrefu wa kulengea, na macho ya watu wengi hupenda mstari.

Mfano unaotajwa sana ni wa Scottie Scheffler. Mwanzoni mwa 2024 alikuwa namba moja duniani huku kusukuma kukimwangusha. Machi akachukua maleti ya TaylorMade aina ya Spider kwenye shindano la Arnold Palmer, akashinda kwa mikwaju 5, wiki iliyofuata akatwaa taji la Players, na Aprili akavaa koti la kijani la mshindi wa Masters. Watu wakakimbilia madukani. Wachache walikumbuka kwamba tangu 2023 alikuwa akifundishwa kusukuma na Phil Kenyon. Fimbo ilimkuta ameshaanza kutengenezwa.

Nafasi ya pili ni ubapa, na wapenzi wake watanikasirikia kwa kuushusha. Umbo tunalolijua leo limetokana kwa sehemu kubwa na Ping Anser ya 1966, kazi ya Karsten Solheim, mhandisi aliyehamisha uzito kuelekea kisiginoni na kidoleni. Tiger Woods alishinda mataji makubwa 14 kati ya 15 yake akiwa na ubapa mmoja ule ule, kazi ya mtengenezaji Scotty Cameron. Lakini ubapa humlipa anayegonga katikati. Ukikosea, unakwambia papo hapo mkononi, na hilo ni zuri kwa mwanafunzi mwenye subira. Mimi sina.

Utasikia pia habari ya kuning'inia. Laza mti wa pata juu ya kidole chako hadi utulie. Uso ukitazama juu, wanasema hiyo ni ya mtu anayesukuma moja kwa moja kwenda na kurudi. Kidole cha kichwa kikianguka chini, ni ya mtu ambaye mkono wake unachora upinde. Wauzaji huitamka kama sheria ya dini. Mimi naiona ni pa kuanzia tu: nimewaona watu wa upinde wakisukuma vizuri kabisa kwa maleti iliyotazama juu.

Ya tatu ni aina mpya isiyojipinda mkononi, iliyopata jina kupitia kampuni ya L.A.B. Golf. Imesawazishwa ili uso usitake kufunguka wala kufunga wakati wa kusukuma, yaani imelenga yale maradhi mabaya niliyoyataja mwanzo. Lucas Glover, aliyekuwa ameteswa na pata kwa miaka, alishinda wiki mbili mfululizo Agosti 2023 akiwa nayo. Mwaka 2025 J.J. Spaun alimalizia US Open pale Oakmont kwa mpira wa karibu mita 20 ulioingia shimo la mwisho, na pata yake ilikuwa hiyo. Kwa nini basi ya tatu? Bei. Nyingi zikiwa mpya huzidi dola 400 kabla ya usafiri na ushuru, na inataka ipimwe mlalo, yaani pembe ya mti na ardhi, kulingana na mwili wako, maana mlalo usipokuwa sawa ule usawazisho unakuwa hauna maana. Kuagiza kwa kubahatisha ni kurudi kwenye karata tatu.

Ya mwisho ni ndefu kama ufagio. Tangu 1 Januari 2016 kanuni zinakataza kuikita mwilini, kwa hiyo mkono wa juu lazima ukae mbali na kifua. Inamfaa mtu ambaye mkono unamruka anapokaribia shimo. Asiye na shida hiyo atahangaika na umbali, na ufagio kwenye kaskazi kali una vituko vyake.

Juu ya zote hizo ninaiweka isiyo aina kabisa: urefu na mshiko wa ile uliyo nayo. Pata nyingi za mtumba zinazopatikana hapa zimeachwa na wageni wanaorudi kwao, Waitalia na wengineo, na nyingi zina inchi 35. Mtu wa kimo changu akiishika, ama anasimama mbali na mpira, ama viwiko vinakunjika kama mbawa za kuku, na macho hayakai juu ya mstari. Mstari unaouona wewe siyo ulioko chini.

Hilo sikuligundua mwenyewe. Nilimlalamikia mzee mmoja, kedi wa siku nyingi.

"Mzee, pata hii mpya nayo hainifai."

"Mwanangu," akasema, "hii ni ya tatu. Zile mbili zilikukosea nini?"

Nikanyamaza. Akanichukulia fimbo, akaisimamisha ubavuni mwangu, akacheka. "Imekushinda urefu. Ikate kwanza, halafu uje unisimulie."

Ya nne nikainunua ya mtumba, maleti, shilingi 4,500. Fundi wa kuchomelea vyuma akaitoa inchi 2 kwa msumeno, nikavalisha mshiko mnene kidogo ili viganja vitulie. Ukikata mti, kichwa huhisi chepesi, kwa hiyo nilibandika vipande vya risasi chini yake hadi uzito ukarudi. Grini zetu zinataka kichwa kizito kidogo. Ukienda uwanja wa Vipingo, ambako mpira unateleza, punguza risasi.

Tahadhari ya fungate. Wiki ya kwanza pata yoyote mpya huingiza mipira, kwa sababu umekuwa makini ghafla. Usiisifu. Rudia kipimo cha mipira 20 na 10 baada ya wiki tatu, ulinganishe na yale uliyoyaandika.

Kwenye mtumba, tazama mti kwa jicho moja kama fundi anayetazama ubao, utaona ukipinda. Tikisa kichwa karibu na sikio. Kikigonga ndani, gundi imekwisha. Scotty Cameron inayouzwa kwa bei ya samaki ni ya bandia, usibishane. Na chuma kisichokuwa cha pua hapa kwetu hakidumu: hewa ya chumvi na fimbo kukaa kwenye buti ya gari usiku kucha, wiki mbili tu utaona vidoa vya kutu. Futa kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, halafu tone la mafuta ya cherehani.

Ule ubapa wangu wa kwanza nilimpa yule mzee. Ulikuwa umekaa kona miaka miwili. Sasa jioni tukibaki wawili kwenye grini ya mazoezi tunawekeana soda, na mpaka leo sijanywa ya bure.