Mpira wa kuvuta kwa aliyeteguka kifundo: upi ununue, na kwa nini rangi peke yake haitoshi

Kilimanjaro Marathon ikishapita, ujumbe ninaoletewa unakuwa wa vifundo vya miguu tu. Safari hii malalamiko yamefanana mno: mtu kateguka, fizio (mtaalamu wa mazoezi ya tiba) kamwambia atafute mpira mwekundu wa kuvuta, ule utepe wa mazoezi, kaenda dukani, kapewa mwekundu, kaanza mazoezi, mguu ukavimba upya. Dada mmoja wa Moshi aliurudisha. Muuzaji akamjibu, "Mama, si umesema mwekundu?"

Hakuna anayewalazimisha watengenezaji kukubaliana rangi ipi ibebe uzito upi. Kwa TheraBand, chapa mojawapo ya mipira hii, ngazi ya kawaida inapanda hivi: njano, nyekundu, kijani, buluu, nyeusi, fedha, dhahabu. Mwekundu ukiuvuta mpaka urefu wake uwe mara mbili, unakuvuta nawe kwa nguvu ya kama kilo 1.7. Wa njano ni 1.3, wa buluu 2.6, wa dhahabu 6.5. Sasa njoo kwenye zile seti zisizo na jina zinazomwagwa Kariakoo: mwekundu anaweza kuwa laini kuliko wenzake wote au mgumu kuliko wote, kiwanda kitakavyopenda. Mnyanyua vyuma hataona tofauti. Mwenye kano ya kifundo iliyochanika majuzi ataiona usiku huohuo.

Wengine watakuelekeza uangalie upana, mfuko wa kubebea, na kijitabu cha picha. Mimi nataka uende na mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi kabla ya safari. Funga fundo kwenye ndoano. Kuanzia hapo pima sentimita 30, tia alama ya kalamu, shika penye alama, vuta mpaka zifike 60, yaani mara mbili, soma, linganisha na kilo nilizotaja juu. Rudia mara mbili tatu, maana mpira mpya huwa mkaidi mvuto wa kwanza.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Uzito hauendi na sentimita ulizovuta peke yake, unaenda na umeurefusha mara ngapi ule urefu ulioanza nao. Kipande cha mita moja ukikiongezea sentimita 30 utaona mchezo. Cha sentimita 30 ukikiongezea hizohizo, kitakung'ang'ania. Kwa hiyo muuzaji akikupunja urefu hajakuibia mpira tu, kakuongezea uzito wa zoezi bila fizio wako kujua. Na wanapunja! Roli kubwa la TheraBand lina mita 45.5; mwenye duka anakata kwa kukadiria na mkono, na "mita moja na nusu" yako ikifika nyumbani imekuwa mita na robo. Dai futi ya fundi cherehani, apime ukiona. Akinuna, duka la pili halipo mbali.

Namba moja kwangu ni TheraBand, na sijifichi. Iko sokoni tangu 1978, na mafizio wengi wanapokutajia rangi ndiyo wanayoifikiria. Ile ya kawaida ni ya mpira wa asili, kwa hiyo ukiwashwa au ukitoka vipele, acha mara moja utafute isiyo na lateksi, yaani huo mpira wa asili. Ipo pia CLX, haina lateksi na ina vitanzi mfululizo: unatumbukiza mguu bila kufunga fundo lolote. Bei yake inauma. Lakini ukiwa na kifundo kibovu, kuinama kufunga na kufungua kunachosha kuliko zoezi lenyewe.

Namba mbili, Sanctband ya Malaysia. Unga wake wa kuzuia kunata ni kidogo, haikuachi na viganja kama umetoka kukanda chapati. Ila rangi zake zinaanza na pichi, kisha chungwa, kisha kijani cha ndimu. Mwekundu wa fizio wako huupati humo, mpigie kwanza.

Tatu ni vile vitanzi vifupi vya kuvaa juu ya magoti. Mkimbiaji mwenye nyonga dhaifu atavipenda kwa kutembea ubavu-ubavu. Kwa kifundo ni vifupi, vinakuwa vizito ghafla. Nyaya za mpira zenye vishikio mwachie anayetaka kifua.

Tyubu ya baiskeli iliyokatwa? Inavuta, na fundi atakupa bure. Uzito wake mtajuana.

Chochote utakachochagua, usinunue kilichotundikwa mlangoni mwa duka. Jua linaua mpira wa asili kabla hujaulipia. Unyooshe kidogo mbele ya mwanga, pitisha macho taratibu kutoka ncha hadi ncha: ukiona vitundu kama vya sindano, vimistari vya kupasuka pembeni, au sehemu inayonata, uache. Ukikatika umeufunga mguuni, ncha inarudi usoni.

Na nyie mafizio wetu, tunawapenda, lakini mnachangia. "Nunua mwekundu" si maelekezo. Andikeni chapa, rangi, na urefu wa kipande, kwenye karatasi, kwa mwandiko unaosomeka, ili mgonjwa akifika dukani awe na cha kumwonyesha muuzaji.