Guangzhou au Yiwu: mzigo ukachukue wapi?

Kila anayepanga safari ya kwanza ya China kununua mzigo huuliza swali hili. Miji yote miwili ilipaa baada ya mageuzi ya uchumi ya 1978, ila kwa njia tofauti.

Historia ya Yiwu hunigusa zaidi. Wakulima wake walizunguka vijijini wakitoa sukari na kupokea manyoya ya kuku. Mwaka 1982 kiongozi wa wilaya, Xie Gaohua, akaruhusu soko lao lifanye kazi waziwazi. Leo lina vibanda zaidi ya 70,000: vifungo, soksi, midoli, mapambo. Kwa vitu vidogo vya bei ya chini, Yiwu haishikiki. Unachanganya bidhaa za kila aina kwenye kontena moja, linasafirishwa kupitia bandari ya Ningbo. Lakini wauzaji wengi ni mawakala tu. Kiwanda chenyewe kinaweza kuwa mkoa mwingine, na kasoro ikitokea ni kazi kumpata mhusika.

Guangzhou imezungukwa na viwanda vya mkoa wake wa Guangdong, hivyo kwa nguo, viatu na mikoba unaweza kwenda kukagua mwenyewe. Kuna ndege kutoka Nairobi, na mtaani Xiaobei utakuta Waafrika wenzako. Gharama zake za kuishi, hata hivyo, huuma.

Kote kuwili mishahara imepanda, na bei nazo.

Mwenye duka la mchanganyiko na mtaji mdogo, Yiwu itamfaa. Muuza nguo anayefuata mitindo aanzie Guangzhou.