Praima ya kope kwa joto la Lamu: ipi hufika usiku, ipi hukuacha adhuhuri

Mwenye haraka ya kwenda dukani asome hapa kisha aende zake: nunua praima ya kope (kipako kinachotangulia kwenye ngozi ya juu ya jicho ili rangi ishike) ya tyubu, ile inayokauka ikishapakwa, ya bei ya kati. Paka kiasi kidogo kuliko punje ya mchele kwa kila jicho, usubiri dakika moja, ndipo utie rangi. Walio na nafasi tuendelee, maana mambo mengi yamo ndani ya hiyo dakika moja.

Mimi napamba maharusi hapa Lamu, na hizi kope ziliwahi kuniaibisha. Ilikuwa Februari, kaskazi imekaza, bibi harusi amekaa kitini pake usiku wa kupamba, feni mbili zinazungusha hewa moto, wanawake wamejaa hadi kwenye daka, pale mlangoni. Nilimtia rangi ya dhahabu na kahawia saa kumi na moja jioni. Ilipofika saa tatu usiku khalati yake akanivuta kando: "Mwanangu, mato ya bibi harusi yana nini?" Nikaenda kutazama. Dhahabu yote imeteremka ikajikusanya kwenye mkunjo wa kope, mstari mmoja mnene kama uzi wa kofia ya viua, na juu yake ngozi tupu. Chini ya ile rangi nilikuwa nimepaka konsila, ile krimu ya kuficha madoa, basi.

Tangu siku ile nikaanza kuzijaribu hizi praima mwenyewe, kwa sababu maneno ya kwenye kiboksi hayanisaidii. Kiboksi kikisema saa 24, sijui ni saa 24 za wapi. Kope hufumba na kufumbua mara kama 15 hadi 20 kwa dakika, na kila mara ngozi inajikunja palepale. Ongeza mafuta ya ngozi yenyewe, jasho, na unyevu wa bahari. Ongeza nikabu, ambayo pumzi yako hupanda ndani yake hadi machoni. Wengi wetu hapa macho ndiyo pekee yanayoonekana njiani, kwa hiyo yakiharibika hakuna pa kujificha.

Nilijaribu aina tano, kila aina siku mbili, tano Januari na tano Februari. Siku nilizochagua ni zile ambazo siswali, wanawake wenzangu mnaelewa, na sababu yake nitaieleza. Jicho la kulia lilipata praima, la kushoto halikupata kitu, rangi ileile na brashi ileile, saa moja na nusu asubuhi. Kisha nikavaa buibui na nikabu nikaenda kazini kama kawaida kwa Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu. Kila aina niliipa siku moja ya kutembea kwa miguu hadi kijiji cha Shela, karibu dakika 40 za ufuoni na jua la utosini. Adhuhuri, alasiri na magharibi nilijipiga picha kwenye dirisha moja. Alasiri nilinawa uso kwa maji matupu, bila sabuni. Jicho la kushoto halikuwahi kufika alasiri likiwa na rangi ya maana, na hilo peke yake lilinipa jibu kwa wale wanaosema praima ni kupoteza pesa.

Iliyoongoza ni praima ya tyubu inayokauka. Urban Decay wanayo yao inayoitwa Primer Potion, NYX na Milani wana zao za bei nafuu zaidi, na kwa macho yangu tofauti kati ya ya bei kubwa na ya bei ya kati haikufikia tofauti ya pesa. Namna inavyofanya kazi ni hivi: ndani yake mna vimiminika vyepesi ambavyo hukauka na kupotea hewani, vikaacha utando mwembamba unaong'ang'ania ngozi. Soma nyuma ya kiboksi. Ukiona isododecane, kimojawapo cha vimiminika hivyo, karibu na mwanzo wa orodha, ndiyo hiyo. Nyingine huongezwa udongo mweupe wa kaolin au silica wa kunyonya mafuta, na hizo ndizo za wenye kope zenye mafuta mengi. Ndiyo maana ile dakika ya kusubiri ina thamani: ukitia rangi kabla utando haujakauka, unachanganya uji. Siku ya Shela nilirudi magharibi na rangi yangu mahali pake, pembe ya ndani tu ndiyo imefifia kidogo, na hapo nadhani ni vidole vyangu mwenyewe vya kufuta jasho.

Angalia rangi ya praima yenyewe. Nyingi hutengenezwa za rangi ya maziwa ya chai, na kwenye ngozi yetu nyeusi hukaa kama majivu. Tafuta isiyo na rangi, au jaribu kwanza mgongoni mwa mkono, ukiwa nje kwenye mwanga na sio chini ya taa ya duka.

Ya pili ni krimu ya kijungu, kama Paint Pot ya MAC, ambayo ni gramu 5 na inatosha miezi mingi. Hii ni praima na rangi kwa pamoja. Kwa ngozi za kahawia mimi napenda ile inayoitwa Groundwork, hata bila kutia kitu kingine juu yake. Inashika karibu sawa na ya tyubu, nimeishusha daraja kwa mambo mawili tu: bei, na tabia ya krimu za vijungu kukauka zikiachwa wazi. Kwenye joto letu usikifungue kijungu ukaenda kupokea simu. Na kama ni cha kazi, usitie kidole. Chota kwa kijiti safi, macho ya watu yana maradhi yao.

Ya tatu ni konsila na poda juu yake, ambayo wengi wetu tunayo tayari. L.A. Girl Pro Conceal ya gramu 8 inapatikana karibu kila duka la vipodozi la Pwani. Ilinifikisha adhuhuri, ikajikongoja hadi alasiri, na ilipopata maji ikaondoka na rangi yake. Kwa kazi ya ofisini asubuhi yatosha. Siri ni kupaka kidogo sana. Konsila nene ndiyo iliyonitia aibu kwa yule bibi harusi.

Ya nne ni praima ya uso iliyopandishwa kwenye kope. Haifai. Hiyo imetengenezwa kwa dimethicone nyingi, aina ya silikoni, ili vinyweleo visionekane na fondesheni iteleze, nayo dimethicone haipotei hewani. Kinachoteleza mashavuni kitateleza na machoni.

Ya mwisho ni Vaseline au mafuta ya nazi, ambayo mabibi zetu walipaka ili kope zing'ae. Kung'aa zitang'aa. Rangi ya unga ikikaa juu yake ilikuwa imeondoka kabla sijafika mtaa wa Langoni.

Sasa lile la siku nisizoswali. Utando uleule unaoipa praima ya tyubu nguvu ya kuzuia jasho ndio unaozuia maji ya udhu kufika kwenye ngozi. Sitoi fatwa mimi, muulize ustadhi wako, lakini wengi niliowasikia wanataka kitu kama hicho kiondolewe kabla ya kutawadha. Basi mwanamke anayetia udhu mara tano hana haja ya praima ya kushinda kutwa. Anayo haja ya kitu kinachokaa baina ya swala mbili na kutoka kwa urahisi. Kwa mchana, kwa hiyo, naipandisha konsila juu ya zote, hasa ukiipaka baada ya adhuhuri. Praima ya tyubu iweke kwa usiku: swali magharibi na isha, kisha ndio upambwe. Maharusi wangu siku hizi nawaambia hivyo mapema, na mama zao hufurahi kuliko wao.

Kwenye kununua, kuna tyubu niliyouziwa kwa shilingi 300, maandishi yake yamechapwa yakifutika kwa kidole, jina la kampuni kubwa limekosewa herufi. Kope zilinivimba siku mbili. Jina la duka nalihifadhi. Tangu hapo naangalia namba ya toleo: iwe imepigwa kwenye tyubu na kwenye kiboksi, na zilingane. Tazama stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwa bidhaa za nje. Tafuta ile alama ya kijungu kilichofunguliwa yenye 6M au 12M, ambayo ni miezi ya kutumia tangu siku uliyofungua. Andika tarehe hiyo kwa kalamu chini ya tyubu. Ikianza kunuka mafuta yaliyochacha au maji yakajitenga, tupa hata kama haijaisha. Tyubu ya kujaribia pale dukani, iliyopita machoni mwa mji mzima, usiipeleke kwenye jicho lako.

Kama unaagiza kutoka Mombasa au Nairobi, mzigo utashuka Mokowe, gati ya upande wa bara, na kuvuka kwa boti. Mwambie anayekupokelea asiuache juu ya gati juani, kwa sababu praima iliyopata moto hutoka kama maji na haikauki vizuri tena.

Na usiku ukirudi kutoka harusini, usiisugue. Hapa ndipo mafuta ya nazi yanapopata kazi yake: matone mawili kwenye pamba, iweke juu ya kope uliyoifumba, hesabu hadi ishirini, kisha vuta kuelekea chini. Utaona utando wote umekuja na pamba.