Miezi minane na mashine ya kushindilia marisau ya chuma: uzoefu wangu

Kabla sijagusa chuma, nilikuwa nimeshindilia, yaani kujaza upya, maganda ya bunduki ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) kwa marisau ya risasi miaka mingi, tena kwa mkono uliozoea. Mazoea hayo ndiyo yaliyokuwa hatari yangu kubwa. Hata Kiswahili kinatuchanganya kidogo, maana neno risasi ni kile kinachotoka mtutuni na pia ni yale madini laini na mazito. Humu nikisema risasi nina maana ya madini. Punje zinazotoka mtutuni naziita marisau, na kinachoyabeba nakiita ganda.

Nilihamia chuma kwa sababu ya ndege wa majini. Bata huokota punje zilizozama kwenye tope akidhani ni changarawe za kusagia chakula, na risasi inamwua polepole. Marekani ilikamilisha katazo la risasi katika uwindaji wa ndege wa majini mwaka 1991, Denmark ikapiga marufuku marisau ya risasi mwaka 1996, na Umoja wa Ulaya ukaanza kuyakataza kwenye ardhi oevu mwezi Februari 2023. Mimi nimeona bata aliyelishwa sumu hiyo, mabawa yamemlegea, hawezi kuruka. Sikuhitaji kushawishiwa zaidi.

Mashine ninayoizungumzia ni ya mkono, ya hatua moja moja. Ganda moja linapita kwenye vituo likiwa peke yake: fataki kuukuu (kiwashio cha baruti) inatolewa na kitako kurudishiwa umbo, fataki mpya inapachikwa, baruti inamiminwa, kikombe cha plastiki kinasukumwa ndani, marisau yanafuata, kisha mdomo unakunjwa na kufungwa. Imeuzwa ikitajwa kuwa inafaa kwa risasi na kwa chuma. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Wenzo wake ni imara, fataki inakaa sawasawa bila kulazimishwa, na mkunjo wa pembe sita unatoka safi kama wa kiwandani. Kila ganda linakuwa mbele ya macho yangu toka mwanzo hadi mwisho, na kwa kazi ya chuma hilo nalithamini kuliko kasi ya mashine kubwa zinazotoa ganda kila unapovuta wenzo.

Tatizo lilikuwa kipimio chake cha marisau. Ni tundu kwenye pau inayoteleza: tundu linajaa, unasukuma, punje zinashuka kwenye bomba. Risasi hutiririka kama mtama. Chuma hakibonyei, kwa hiyo punje zinaegemeana na kujijengea daraja ndani ya bomba. Siku ya tatu nilikuwa nashindilia namba 2, punje zenye kipenyo cha milimita 3.8. Ganda moja lilifungwa na mkunjo wake ukadidimia katikati kama kitovu. Lililofuata halikukubali kufunga kabisa, punje zinachungulia mdomoni. Nilisimama hapo hapo. Punje zilizokwama zilikuwa zimeshuka kwenye ganda la pili juu ya kipimo chake kamili, na ganda hilo lilikuwa na baruti ya kipimo kimoja chini ya mzigo uliozidi. Ndiyo njia ya kupandisha presha ndani ya chemba bila kukusudia. Nilifungua maganda yote ya jioni ile, 25, nikapima kila moja. Mengi yalikuwa sawa. Manne hayakuwa sawa, na kwa nje mawili kati ya hayo manne yalionekana mazuri tu.

Kuna jambo jingine kuhusu vipimio vya tundu. Vinapima ujazo, siyo uzito. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11.3, ya chuma ina kama 7.8. Tundu lililotobolewa kwa wakia moja ya risasi litakupa kama sehemu saba kwa kumi za wakia ukijaza chuma. Tangu jioni ile kila mzigo wa marisau unapita kwenye mizani kwanza. Wakia moja ni greni 437.5, na kwa namba 2 ya chuma hiyo ni punje 125 hivi, kwa hiyo naweza hata kuhakikisha kwa kuhesabu. Ninamimina kwa mkono kupitia faneli yenye mdomo mpana. Kasi imeshuka, ndiyo. Jioni nzima natoa maganda 50 badala ya 200.

Mizani yangu ni ya kielektroniki, inasoma hadi sehemu ya kumi ya greni. Naiwasha nusu saa kabla ya kazi, naijaribu kwa jiwe la kipimo mwanzoni na tena kila baada ya maganda kumi. Upepo wa feni unatosha kuiyumbisha, kwa hiyo feni nazima. Pembeni nimeweka mizani ya zamani ya boriti, na zikitofautiana siendelei hadi nijue ipi imekosea.

Sasa vikombe, maana hapa ndipo watu wanapoharibu mitutu. Kikombe cha risasi ni chembamba, kwa kuwa risasi yenyewe ni laini na haikwaruzi sana. Punje ya chuma ni ngumu mara kadhaa kuliko ya risasi, na ikigusa ukuta wa mtutu inaacha mchirizi wa kudumu. Kikombe cha chuma kina kuta nene za plastiki ngumu ili punje zisitokeze. Vile nilivyonunua vilikuja bila kuchanwa, navichana mwenyewe kwa kiwembe kwa urefu na idadi ya mikato inayotajwa kwenye jedwali la mzigo husika. Kuta zikiwa nene na chuma kikiwa chepesi, nafasi ndani ya ganda inabana: uzito ule ule wa chuma unachukua nafasi mara 1.4 hivi ya risasi. Ndiyo maana baruti za mizigo hii kwa kawaida ni zile zinazoungua polepole, na ndiyo maana jedwali la risasi halitumiki kwa chuma hata kwa kukisia.

Kuhusu jedwali sina mjadala na mtu. Nafuata lililochapishwa na mtengenezaji wa baruti, ganda lile lile, fataki ile ile, kikombe kile kile, uzito ule ule. Geji 12 ya inchi 2¾ na ya inchi 3, kwa viwango vya Marekani, mwisho wa presha yake ni paundi 11,500 kwa inchi ya mraba, na kubadilisha fataki peke yake kunaweza kukuvusha hapo. Kikombe kikiniishia, kazi inasimama. Wiki mbili nilikaa bila kushindilia kitu nikingoja aina moja ya fataki, na sijutii.

Mezani panakuwa na kopo moja tu la baruti, na likimaliza kazi linarudi kabatini kabla jingine halijatoka. Marisau nayahifadhi makavu, maana chuma kikishika kutu punje zinaweza kugandana na kutoka mtutuni zikiwa donge. Na kuna sumaku ndogo niliyoifunga kwenye kamba juu ya meza. Punje zikimwagika, chuma kinaipanda na risasi inabaki chini. Kwa bei ya sumaku, sijapata kifaa bora zaidi.

Matokeo ya uwanjani yamenifurahisha. Kwa kuwa chuma ni chepesi nilipanda saizi mbili, maana namba ikipungua punje inakuwa kubwa: pale nilipotumia namba 6 ya risasi sasa natumia namba 4 ya chuma. Karatasi ya shabaha inaonyesha mtawanyiko ulioshikana vizuri hata kwa mbano wa nusu wa mdomo wa mtutu. Mbano mkali zaidi ya hapo siutumii na punje kubwa, kwa sababu chuma hakibonyei kinapopita penye wembamba, na mtutu ndio unaovimba.

Mashine nitaendelea nayo. Naipa nyota nne, na ningeipa tano kama ingeuzwa bila ile pau ya marisau, ambayo nimeifungua na kuiweka kwenye droo. Anayetaka kununua ya aina hii ahesabu na bei ya mizani nzuri tangu mwanzo.

Kila sanduku ninalojaza lina karatasi: tarehe, ganda, fataki, baruti na uzito wake, kikombe, namba ya marisau. Juu yake nazungusha utepe mwekundu. Bunduki ya zamani ya baba ina mtutu mwembamba, ilitengenezwa wakati wa risasi na haina alama ya kupimwa kwa chuma. Kila mtu nyumbani kwetu anayeruhusiwa kuishika anajua kwamba kitu chenye utepe mwekundu hakiingii humo.