Asilimia 95 ya nini? Paneli za "kuzuia sauti" nilizouziwa

Nyota 2, na moja kati ya hizo ni ya dereva wa kirikuu aliyezileta bila kuvunja kona hata moja.

Paneli zenyewe si mbovu. Ni pamba ya mawe iliyoshindiliwa, unene milimita 50, imevikwa kitambaa kizuri, haimwagi vumbi. Hasira yangu iko kaunta. Nilimuuliza kijana wa dukani swali moja tu: hii 0.95 iliyoandikwa kwenye karatasi ni ya kufyonza sauti au ya kuizuia isipite? Akanijibu bila hata kuinua macho kwenye simu: "Kaka, asilimia 95 ya kelele inabaki kwa jirani. Kama hesabu inakupita, mlete fundi wako." Wenzake wakacheka.

Haya, tufanye hesabu. Tuseme ni kweli ukuta umezuia asilimia 95. Iliyopita ni asilimia 5, yaani sehemu 1 kati ya 20, na hiyo kwa desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) ni kupungua kwa 13. Kumi na tatu! Mlango mwepesi wa chumbani, ule ulio tupu katikati, unazuia zaidi ya hapo. Ukuta wa desibeli 50 hupitisha sehemu 1 kati ya 100,000. Kwa hiyo hata uongo wenyewe, ungekuwa kweli, usingenifaa kitu.

Ile 0.95 ni NRC, namba ya kufyonza mwangwi ndani ya chumba kilekile. Karatasi yao inaonyesha ilivyopatikana (hezi ni kipimo cha sauti, ndogo ni besi, kubwa ni sauti nyembamba): hezi 250 ni 0.62, hezi 500 ni 1.02, hezi 1000 ni 1.08, hezi 2000 ni 1.05. Jumlisha, gawa kwa nne, unapata 0.94, ikasogezwa kwenye 0.05 ya karibu, ikawa 0.95. (Inayozidi 1 isikushtue, ni kingo za paneli zinazochangia wakati wa kipimo.) Sasa shusha jicho kwenye mstari ambao haukuingizwa kwenye wastani, hezi 125: 0.17. Sabufa ya jirani inaanzia chini hata ya hapo. Namba moja nzuri imefunika pale penye tatizo lako.

Ukurasa wa pili ndio ulionimaliza. "STC 50", herufi kubwa nyekundu. STC ndiyo namba ya ukuta kuzuia sauti isipite. Chini yake, kwa herufi za kutafuta na miwani, kuna mchoro wa ukuta uliopimwa maabara: nguzo za chuma, bodi mbili za jipsamu kila upande, pamba katikati. Hiyo 50 ni ya ukuta mzima. Pamba ni kiungo kimoja tu. Ukiigandisha juu ya ukuta haikupi STC 50, wala 40, wala nyongeza ya maana. Kinachozuia sauti ni uzito, nafasi ya hewa, pande mbili zisizogusana, na kutobaki tundu. Pamba hutuliza hewa iliyonaswa katikati. Hata humo ndani, kama nguzo ni za mbao na zimebeba bodi za pande zote mbili, pamba huongeza desibeli chache tu, maana mtetemo unapita kwenye mbao.

Na STC yenyewe ina mipaka. Inaanzia hezi 125 hadi 4000, kwa hiyo ni namba ya maongezi na televisheni. Karatasi za Ulaya ni bora kidogo, utakuta "Rw 52 (-2, -9)": Rw ni STC ya kwao, na namba ya mwisho kwenye mabano ni ya kupunguza kwa ajili ya besi na magari. Ugomvi wako ukiwa ni besi au malori barabarani, chukua 52 utoe 9: una 43. Kisha kumbuka maabara si nyumbani. Kanuni ya ujenzi ya Marekani, IBC, inataka STC 50 ya maabara kati ya nyumba na nyumba, lakini ukipimwa ukuta uliokwisha jengwa inakubali 45. Wanajua fundi ni binadamu.

Matokeo baada ya kubandika paneli 12? Hapa nakiri jambo. Kelele ya jirani imeshuka, pengine desibeli 2 au 3, kwa sababu chumba changu kimeacha kuirudisha. Ila maneno sasa yanasikika vizuri zaidi! Mwangwi uliokuwa ukiyavuruga umekufa. Zamani ilikuwa kelele, sasa ni taarifa ya habari.

Nyota 1 basi.

Lakini kosa kubwa si la paneli. Nyumba nyingi zetu za kupanga, zile za safu chini ya paa moja, ukuta wa kati unaishia usawa wa dari. Tofali la inchi 6 lenye lipu pande zote ni ukuta mzuri sana. Ila sauti inauruka: inapanda kwa jirani, inatoboa dari ya jipsamu ya milimita 9, inatembea chini ya bati, inashuka kwako. Uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo la ukuta unaushusha ukuta wowote hadi desibeli 20. Muuzaji anayeifahamu kazi yake huanza kwa kuuliza, "Ukuta wako unafika kwenye bati?" Huyu aliuliza nalipa kwa simu au taslimu.

Pandisheni tofali hadi kwenye bati kwanza, pigeni lipu pande zote mbili, zibeni migongo ya bati kwa pamba na udongo wa saruji. Hapo ndipo ukuta wa pili wa jipsamu unapata maana: nguzo za chuma za milimita 50 zikae umbali wa milimita 25 kutoka kwenye tofali bila kuligusa popote, pamba katikati, bodi mbili za milimita 12.5, maungio ya bodi ya pili yasiangukie ya kwanza. Acha upenyo wa milimita 5 pembeni kote, ujaze silanti (gundi laini ya kuziba) ya akriliki isiyokauka ikawa ngumu. Plasta haifai, itapasuka. Soketi zisitazamane mgongo kwa mgongo na za jirani.

Usikubali njia ya mkato ya fundi: bodi moja nyembamba juu ya papi za milimita 25. Hewa ile finyu inafanya kazi kama springi, bodi inacheza kwenye hezi 130 hivi, na besi inaweza kuingia zaidi kuliko ukuta mtupu. Kwa bodi mbili na nafasi ya milimita 75, mchezo huo unashuka hadi hezi 50 hivi.

Trei za mayai ambazo watu hubandika ukutani sitazijadili.

Paneli zangu nitazihamishia sebuleni, kwenye vigae na dari ndefu. Huko zitafanya kazi niliyolipia bila kujua, na zitaifanya vizuri. Kwa hilo nazipa nyota 3. Hapana, 2. Nimebandua moja sasa hivi, gundi yao imekuja na rangi na kipande cha lipu.