Uzoefu wangu: mlango wa gari la mizigo na yule kijana wa kaunta

Kama unaendesha gari la mizigo la ile familia ya Fiat Ducato, Peugeot Boxer na Citroën Relay na mlango wa pembeni umeanza kugoma, usipoteze asubuhi yako kwenye gereji za mawakala, zile za kuta za vioo. Mimi yangu imepotea, na hasira bado ninayo.

Kilichokwisha ni kile kigurudumu kidogo kinachobeba mlango kwenye reli ya katikati. Si ajabu. Nasambaza vifurushi hapa Leicester, Uingereza, mlango huo nauburuza kutwa nzima. Kimelika upande mmoja, mlango ukawa unaning'inia na kukwaruza bodi. Nikaenda kaunta ya spea ya nembo ndugu. Kijana hakuuliza hata namba ya gari. Alichungulia nje, akaona nembo, akasema, "Hilo si letu, bwana." Nikamwambia kifaa ni kilekile. Akacheka. "Vinafanana tu," akasema, huku ameshamgeukia mteja wa nyuma yangu.

Vinafanana! Magari hayo kwa miaka mingi yametoka kiwanda kimoja, Atessa, mkoa wa Abruzzo, Italia. Fiat na kundi la Peugeot-Citroën walipatana mwaka 1978 kuyaunda pamoja, kampuni yao wakaiita Sevel, na mwaka 1981 kiwanda kikaanza kazi. Ukiyatazama ubavuni huyatofautishi mpaka uende mbele usome nembo. Na tangu 2021 wenyewe wote wako chini ya kampuni mama moja, Stellantis. Sasa "si letu" maana yake nini?

Haya, nisimwonee. Angekuwa anazungumzia injini ningemwelewa, maana kwa miaka mingi Fiat walifunga za kwao na Wafaransa mara nyingi wakafunga za kwao, hivyo kichungi cha huyu usimpelekee yule bila kuuliza. Lakini mlango? Na kicheko juu?

Nikaagiza mwenyewe, kikaja kwenye boksi lenye nembo ya ndugu mwingine. Nikampelekea fundi mmoja, mzee wa Tanga mwenye banda lake nyuma ya maghala. "Shikamoo mzee, hiki kitaingia kweli?" Akaviweka vyote viwili kiganjani, kipya na chakavu, akapitisha kidole gumba kwenye matundu ya bolti, kisha kwenye mkono wa chuma. "Mwanangu, hawa tumbo moja." Akafunga. Sasa mlango nausukuma kwa kidole.

Nilikuja hapa kuwaambia msiyanunue kabisa haya magari. Siwezi. Yanavutwa na matairi ya mbele, kwa hiyo sakafu ya nyuma iko chini, na mgongo wangu unaijua tofauti. Nyota nne. Tatu, nikimkumbuka yule kijana. Basi nne, gari halikunicheka. Kaunta sifuri. Mzee wa Tanga tano, ila msiniulize banda lake liko wapi, foleni iliyopo inanitosha.